Pumzi ndefu baada ya mafuriko: yoga ya tiba kwa watu wa Kilosa na Mikumi

Aliyewahi kuamshwa na maji ya mto Mkondoa usiku wa manane haulizi kwa nini moyo humwenda mbio mvua ikianza kupiga bati. Mwishoni mwa Desemba 2009 mto huo ulivunja kingo zake, ukaingia mjini Kilosa na kwenye vijiji vya bondeni, ukazoa tuta la reli ya kati, na watu zaidi ya 20,000 wakabaki hawana pa kulala. Januari 2014 ikawa zamu ya Magole na Dumila, daraja likaharibika na barabara ya kwenda Dodoma ikakatika. Baada ya maji kupungua zilihesabiwa nyumba, magunia ya mahindi, mahema na kilomita za reli. Usingizi uliopotea haukuingia kwenye hesabu.

Wilaya ya Kilosa imebeba na mengine. Desemba 2000 ugomvi wa wakulima na wafugaji uliua watu 38 Rudewa Mbuyuni, na mwaka 2008 damu ikamwagika tena. Huku Mikumi, barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia inapita katikati ya hifadhi kwa takriban kilomita 50, na dereva wa lori anayeipita usiku anajua kuwa nyati au twiga anaweza kutokea kwenye taa zake wakati wowote. Mjane wa ajali, kondakta aliyetoka mzima kwenye basi lililopinduka, mama aliyekimbia na mtoto mgongoni: kila mmoja ana habari yake, lakini miili yao inasumbuka kwa namna moja. Usingizi haukai. Shingo na mabega vimekaza. Tumbo linasokota bila ugonjwa kuonekana kwenye vipimo. Mlango ukigongwa kwa nguvu, mtu anaruka.

Makala haya ni kwa ajili yao na kwa wanaoishi nao. Yanaeleza yoga ya tiba, ile ya taratibu, isiyohitaji mwili laini wala nguo za kubana wala ada ya ukumbi, ambayo kazi yake ni kuurudishia mwili uwezo wa kutulia.

Kwa nini mwili haukubali kwamba yamekwisha

Sehemu ya mfumo wa neva inayoendesha moyo, mapafu na tumbo bila sisi kuiamuru ina pande mbili. Upande mmoja ni wa kuhangaika na kujiokoa: homoni ya adrenalini inamwagika, moyo unapiga haraka, damu inakimbilia misuli mikubwa, pumzi inakuwa fupi na kubaki juu kifuani. Upande wa pili ni wa kupumzika: mapigo yanapungua, chakula kinasagwa, usingizi unakuja. Zote mbili tunazihitaji. Waliofika mwinuko maji yalipoingia waliokolewa na ule wa kwanza.

Shida inaanza pale hatari inapoondoka na upande huo ukaendelea kufanya kazi kwa wiki, miezi, hata miaka. Ubongo umeshajifunza kwamba mvua, honi ya lori au harufu ya tope ni dalili ya kifo, na unatoa amri kabla akili haijapata nafasi ya kufikiri. Ndiyo maana kumwambia mtu "sahau, yamepita" hakumsaidii. Anajua yamepita. Mwili wake ndio haujapata habari hizo, na mwili haupati habari kwa maneno peke yake.

Unazipata kwa pumzi. Hatuwezi kuuamuru moyo upunguze mbio wala tumbo liache kusokota, lakini pumzi tunaweza kuiongoza, na pumzi inaushika moyo. Kuna neva ndefu iitwayo vagasi inayotoka shina la ubongo, ikapita shingoni na kushuka hadi kwenye moyo, mapafu na tumbo. Ukitoa pumzi, neva hiyo inaushika moyo kama breki na mapigo yanapungua kidogo. Ukivuta, breki inalegezwa. Kwa hiyo mtu anayetoa pumzi kwa muda mrefu kuliko anavyoivuta anauongezea mwili wake muda wa kutulia katika kila mzunguko. Yoga ina mengi, lakini kwa mtu aliyejeruhika moyoni ningeanzia hapa, na kama hana muda wa lolote lingine ningemwacha na hili tu.

Mtu mzima aliyekaa kimya hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mwaka 2001 daktari Luciano Bernardi na wenzake huko Italia walichapisha katika jarida la BMJ uchunguzi wa watu wazima 23 waliosali rozari kwa Kilatini na kutamka maneno ya yoga ya Kihindi. Njia zote mbili zilishusha pumzi hadi takriban mara 6 kwa dakika, na mapigo ya moyo yakaanza kwenda sawa na pumzi hiyo. Bibi anayesali rozari kwa sauti jioni huko Mikumi, na mzee anayeleta uradi baada ya isha huko Kimamba, wako karibu na jambo hili kuliko wanavyofikiri.

Je, inaponya? Mwaka 2014 daktari wa akili Bessel van der Kolk na wenzake wa Boston, Marekani, walitoa matokeo ya wanawake 64 waliokuwa na kiwewe cha muda mrefu kisichosikia matibabu. Nusu walifundishwa yoga ya taratibu kwa wiki 10, nusu wakapewa masomo ya afya ya wanawake. Mwisho wake asilimia 52 ya waliofanya yoga hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa wa kiwewe. Kwa kundi la pili ilikuwa asilimia 21. Ni uchunguzi mdogo, wa wanawake peke yao, tena wa nchi ya mbali, na unasema wazi kwamba karibu nusu ya waliofanya yoga walibaki na ugonjwa wao. Asije mtu akawauzia watu wa Kilosa yoga kama dawa ya kila kitu. Lakini kwa jambo lisilo na gharama, matokeo hayo yanatosha kulichukulia kwa uzito.

Na si jambo geni Afrika Mashariki. Nairobi, shirika la Africa Yoga Project limekuwa likiwafunza vijana wa mitaa ya kipato cha chini kuwa walimu wa yoga tangu mwaka 2007. Kigali, mradi wa Project Air uliwafundisha wanawake waliobakwa wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994, wengi wao wakiishi na virusi vya UKIMWI.

Suala la imani

Hili lisirukwe, maana Kilosa ni wilaya ya misikiti na makanisa, na mtu akiambiwa yoga anaweza kuuliza kama anaingizwa dini nyingine. Swali lake ni la haki. Yoga ilizaliwa India na kukulia ndani ya dini za huko, na zipo namna zake zenye sala na majina ya miungu. Januari 2009 Baraza la Maulamaa la Indonesia lilitoa fatwa inayokataza yoga yenye ibada na maneno ya Kihindu, likaruhusu ile iliyo mazoezi ya mwili tu. Mazoezi yaliyoelezwa hapa hayana maneno ya ibada, hayana sanamu, hayana ubani. Ni pumzi, viungo na mapumziko. Anayetaka kuvuta pumzi huku akimtaja Mungu wake kimoyomoyo na afanye hivyo, na aliye na shaka amwonyeshe sheikh au mchungaji wake makala haya kabla hajaanza.

Mkeka, kanga na ukuta

Tafuta mkeka au jamvi, kanga mbili, na nafasi ya kunyoosha mikono bila kugonga kitu. Vaa chochote kisichobana tumbo. Suruali ndani ya dera inatosha kabisa. Kaa au lala pale unapouona mlango, kwa sababu mwili ulioogopa hautulii ukiwa umeupa mlango mgongo. Usifanye ukiwa umeshiba. Subiri kama saa mbili baada ya chakula. Joto la bondeni Kilosa linachosha, kwa hiyo chagua asubuhi kabla jua halijapanda au jioni. Wa vijiji vinavyopakana na hifadhi ya Mikumi wafanye ndani au uani penye watu, maana alfajiri na magharibi ndizo saa za tembo kupita mashambani.

Anza kwa kutua. Kaa kwenye kigoda, kiti au mkeka, ukiegemea ukuta ukipenda. Macho yabaki wazi. Wengi hufundishwa kufumba macho mara moja, na kwa aliyepatwa na kiwewe giza la macho ndipo picha mbaya zinapomjia. Tazama chumba polepole na utaje kimyakimya vitu unavyoviona: ndoo, dirisha, kalenda, kandambili. Kandamiza nyayo sakafuni, kisha legeza, kisha kandamiza tena. Unauambia mwili uko wapi na ni leo.

Sasa pumzi. Weka mkono mmoja kifuani na mwingine juu ya kitovu. Vuta kwa pua ukihesabu hadi 4 kwa mwendo wa sekunde, tumbo likisukuma mkono taratibu. Toa kwa pua au mdomo uliobana kidogo, ukihesabu hadi 6. Usizuie pumzi katikati. Mzunguko mmoja ni sekunde 10, yaani mara 6 kwa dakika. Kama hesabu hiyo inakubana, vuta kwa 3 na utoe kwa 4. Kinachotakiwa ni kutoa kuzidi kuvuta, na kusiwe na kulazimisha. Dakika 5 zinatosha mwanzoni. Ukisikia kizunguzungu au ganzi vidoleni, umevuta hewa nyingi mno; acha, pumua kawaida, kisha rudi kwa upole zaidi. Asiyependa kuhesabu anaweza kutoa pumzi kwa kuvuma mdomo ukiwa umefungwa, mmmm, kwa sauti ya chini inayotikisa midomo na kifua. Watoto huipenda hii kuliko zote, na kwa familia iliyokosa usingizi wakati wa mvua ndiyo ningeipendekeza kwanza, wote pamoja, kabla ya kulala.

Baada ya pumzi, viungo. Ukiwa bado umekaa, pandisha mabega hadi masikioni unapovuta, yaachie unapotoa, mara kadhaa. Kisha piga magoti mkekani, viganja sakafuni chini ya mabega. Ukivuta pumzi, shusha tumbo na uinue uso. Ukitoa, kunja mgongo uelekee juu na kichwa kilegee. Fanya polepole, pumzi ndiyo iongoze mgongo. Wanaolima kwa jembe la mkono watasikia faida kiunoni upesi. Magoti yakiuma, weka kanga iliyokunjwa chini yake, au fanya vilevile ukiwa kwenye kiti, viganja vikiwa mapajani.

Kutoka hapo, shusha makalio kuelekea visigino na ulaze kipaji cha uso kwenye mikono au mto. Kaa kwa pumzi 5 au 6. Wapo wanaosikia salama kabisa katika mkao huu, na wapo wanaosikia wamefungiwa, hasa walioumizwa na mtu. Wa kundi la pili wauache bila kujilaumu. Wasimame wakaegemeza viganja ukutani, wausukume ukuta kwa nguvu wanapotoa pumzi, kisha walegeze. Kusukuma kunampa mtu nguvu yake mwenyewe, na aliyewahi kushindwa kujitetea anaihitaji kuliko kuinama.

Mwisho ni miguu ukutani. Kaa ubavu ukigusa ukuta, geuka ulale chali, pandisha miguu iegemee juu. Kanga iliyokunjwa ikae chini ya kiuno, nyingine ifunike tumbo. Kaa dakika 5 hadi 10, pumzi ikienda yenyewe. Ni mkao mzuri sana kwa aliyesimama kutwa gengeni au aliyelima tangu alfajiri. Mwenye presha isiyodhibitiwa, ugonjwa wa moyo au presha ya macho asipandishe miguu. Alale ubavu na mto kati ya magoti. Mjamzito katika miezi ya mwisho asilale chali. Naye alale ubavu, wa kushoto ukimfaa. Na yeyote asiyependa kulala chali mbele ya wengine anaweza kukaa ameegemea ukuta hadi mwisho.

Kwa siku nzima, dakika 15 zinatosha. Kinacholeta mabadiliko ni kurudia: dakika 10 kila siku zinafundisha mwili zaidi ya saa moja ya Jumamosi. Usianze siku ile umeelemewa. Jifunze siku ya utulivu, ili mwili uwe unaijua njia pale mawingu yatakapotanda.

Kwa madereva

Dereva wa basi, lori au bodaboda asifanye mazoezi ya kutuliza akiwa anaendesha. Pumzi ndefu inaleta usingizi, na katikati ya hifadhi usingizi unaua. Fanya ukiwa umeegesha: kwenye foleni ya mizani, stendi, au unapokula. Dakika 3 za pumzi, kuzungusha mabega, kunyoosha shingo pande zote, kusukuma usukani kwa viganja na kuachia. Ukihisi mikono inatetemeka baada ya kukoswakoswa na mnyama au gari, tafuta mahali salama pa kusimama kwanza, shuka, tembea. Kutetemeka huko ni adrenalini ikiisha, si uoga. Iache iishe ndipo uwashe gari.

Mambo ya kuchunga

Kuna siku utalia katikati ya zoezi bila kujua sababu. Hilo hutokea kwa wengi mwili unapolegea, na halina ubaya kama linapita. Lakini picha za tukio zikikujia kwa nguvu, ukaanza kusikia uko kule tena, usijikaze. Fungua macho, simama, shika kitu cha baridi kama ukuta au chupa ya maji, taja tarehe ya leo na jina la mahali ulipo, ita mtu. Siku inayofuata rudi kwenye nyayo na kuangalia chumba tu, pumzi ngoja kwanza.

Mazoezi ya kupumua haraka kwa kusukuma tumbo, na yale ya kuzuia pumzi muda mrefu, ambayo huonekana sana kwenye video za simu, si ya mwenye kifafa, presha, moyo au mimba, na mimi nasema si ya mwenye kiwewe pia mpaka awe na mwalimu anayeelewa. Mtu anayesikia sauti zisizokuwepo au aliyewahi kupata wazimu aanze kwa ruhusa ya daktari. Na dawa za presha, kifafa au sonona zisiachwe kwa sababu ya yoga. Hata moja.

Wanaotaka kukusanyika, iwe kikundi cha akina mama cha kukopeshana, kwaya au timu ya vijana, wanaweza kutumia darasa la shule baada ya masomo au ofisi ya kijiji. Anayeongoza asimguse mtu bila kuomba ruhusa, hata kama ni kumrekebisha mgongo. Aseme "ukipenda, inua mkono," asiseme "inueni." Asimlazimishe yeyote kusimulia yaliyompata. Wanawake na wanaume wajitenge kama ndivyo wanavyotaka. Palipo na watu wa pande mbili za ugomvi, kwa mfano mfugaji na mkulima, wasikutanishwe kwenye mkeka kwa sababu tu mfadhili anapenda picha ya upatanisho. Wakutane watakapoomba wenyewe.

Wapi pa kwenda yakizidi

Wengi waliopita kwenye maafa hupata nafuu wakiwa na watu wao, chakula, kazi na mahali pa kulala. Zikipita zaidi ya wiki 4 na mtu bado halali, anaota tukio lilelile, anakwepa njia au watu wanaomkumbusha, anakunywa pombe ili asinzie, au hasira inamshinda nyumbani, aende akapimwe. Aende siku hiyohiyo, asiachwe peke yake, kama anasema afadhali afe au anapanga kujidhuru.

Mahali pa kuanzia ni Hospitali ya Wilaya ya Kilosa au Hospitali ya Mtakatifu Kizito, Mikumi. Kutoka hapo rufaa huenda hospitali ya mkoa Morogoro, na kwa wanaohitaji zaidi ipo hospitali ya afya ya akili ya Mirembe, Dodoma, ambayo sasa ni safari fupi kwa treni ya SGR inayosimama Kilosa. Kwa mtoto aliyeumizwa au anayehofiwa kuumizwa, piga 116 bila malipo, au nenda dawati la jinsia na watoto polisi na kwa ofisa ustawi wa jamii. Ukifika kwa mganga usiseme tu "nina presha ya mawazo." Mwambie ni lini lilikupata, unalala saa ngapi kwa usiku, nini kinakushtua, unatumia dawa gani, unakunywa kiasi gani, na kwamba umeanza mazoezi ya pumzi na yanakusaidia au hayakusaidii. Habari hizo zitamwezesha kupanga matibabu yako vizuri kuliko neno presha.